Mpira wa 76 kwenye bomba la 70

Kaka yangu ana Subaru Impreza WRX, injini ya lita 2 yenye tabo, moja ya zile zilizotembea Japani kwanza kabla ya kuletwa huku. Likizo iliyopita nilikuta ameng'oa boksi la filta la kiwandani na kufungiwa filta ya koni na bomba la aluminiamu linalong'aa. Ukifungua boneti, gari limependeza kweli. Ila kwenye foleni sailensa inapanda na kushuka yenyewe, ukikanyaga mafuta gari linashtuka kwanza ndipo liondoke, na kuna mluzi fulani ambao yeye aliupenda sana akidhani ndiyo tabo inaongea.

Haikuwa tabo. Ilikuwa hewa inapita mahali isipotakiwa.

Naandika haya kwa sababu wanachuo wenye magari wameanza kuongezeka, na wengi wetu tunayapenda haya ya kuongezewa vitu. Pia kwa sababu mimi ninayesomea ualimu wa hisabati na fizikia nilikosea hesabu ya duara, na kosa hilo nililipia hela.

Tuanze na kinachotokea humo ndani. Injini ya lita 2 ya mipigo minne huvuta lita 1 ya hewa kila inapozunguka mara moja. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hiyo ni lita 3,000, tukichukulia silinda zinajaa vizuri na tabo bado haijasukuma kitu. Lita moja ya hewa ya kawaida ina kama gramu 1.2, kwa hiyo ni kilo 3.6 za hewa kwa dakika moja. Petroli huungua vizuri kwa uwiano wa gramu 1 kwa gramu 14.7 za hewa, hivyo kompyuta ya gari inatakiwa kutoa karibu gramu 245 za mafuta, si pungufu sana, si zaidi sana. Inajuaje? Kuna sensa ya hewa mara tu baada ya filta. Inahesabu hewa inayopita, kompyuta inapima mafuta kulingana na hesabu hiyo.

Sasa kama kuna upenyo kati ya sensa na tabo, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma bila kuhesabiwa. Kompyuta inatoa mafuta ya wageni kumi, wanakula kumi na wawili. Mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kuliko mafuta, na ukiukanyagia mlima katika hali hiyo joto ndani ya silinda linapanda hadi pistoni zinaweza kuharibika. Halafu hiyo hewa ya mlango wa nyuma haijapita kwenye filta. Nyumbani kwetu ni barabara ya vumbi. Mchanga ule unaenda kugonga mapanga ya tabo yanayozunguka kwa kasi ya kutisha. Ndiyo maana nilimwambia kaka asisafiri nalo kwanza. Alininunia siku mbili.

Tulipochunguza, upenyo ulikuwa kwenye maungio. Bomba jipya la aluminiamu lina upana wa nje wa milimita 76. Bomba fupi linaloingia kwenye tabo lina 70. Aliyefunga alitumia mpira mnyoofu wa silikoni wa 76 pande zote mbili, upande wa 70 akauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, akakaza klipu kwa nguvu zote. Ukiutazama kwa juu unasema umekaza. Lakini fikiria mzingo: tofauti ya milimita 6 kwenye kipenyo, zidisha kwa 3.14, unapata kama milimita 19. Hizo ni milimita 19 za mpira ambazo hazina pa kwenda. Klipu ikiubana, mpira unajikunja, na kila mkunjo ni kijibomba cha kupitishia hewa. Ukizidi kukaza, mkunjo unazidi kuwa mkali. Tyubu nayo chini ya boneti lenye joto la tabo inalainika na kuchanika.

Dawa inajulikana: mpira wa kupunguza, upande mmoja mpana na mwingine mwembamba. Hapa ndipo nilipojitosa. Nikachukua rula, nikaiweka kwenye mdomo wa bomba: 72. Bomba la tabo: 65 hivi. Dukani saizi zilizopo zinaruka, 63, 70, 76. Nikajiambia mpira unavutika bwana, nikaagiza wa 70 kwenda 63, elfu arobaini na tano, hela ya kaka. Ulipofika haukuingia upande wowote. Nikaumwagia maji ya moto, nikausukuma hadi viganja vikachubuka. Silikoni ya kazi hii ina kitambaa katikati ya matabaka yake, haivutiki kama puto. Muuzaji hakuupokea tena, na kusema kweli nisingemlaumu.

Kosa langu: nilipima ndani ya bomba. Mpira unavaa bomba kwa nje. Kwa hiyo bomba hupimwa nje na mpira hupimwa ndani, na aluminiamu ile ina unene wa milimita 2 kila upande.

Aliyenionyesha ni kijana wa gereji, bado anajifunza kazi. Hakuwa na venia. Alichukua uzi, akauzungusha mara moja kwenye bomba, akauwekea alama, akaunyoosha juu ya rula: 239. Upande wa tabo: 220. "Gawa kwa tatu nukta kumi na nne, mwalimu," akaniambia, bila kejeli hata kidogo. 76 na 70. Uzi ni mzuri kuliko rula kwa sababu ukikosea milimita 1 kwenye mzingo, kwenye kipenyo umekosea theluthi moja tu ya milimita. Mimi huyo nimefundishwa pai tangu kidato cha kwanza.

Mpira sahihi ulipokuja tuliufunga hivi. Ncha za mabomba tulizifuta mafuta yote. Watu hupaka grisi ili mpira uingie upesi, halafu mpira huohuo unateleza na kuchomoka. Maji safi yanatosha. Mpira uliingia karibu sentimita 3 kila upande na kuvuka ule ukingo ulioinuka kwenye ncha, klipu zikakaa nyuma ya ukingo, si juu yake. Klipu zenye matundu ya kukaza kwa bisibisi hukata silikoni. Tulitumia pana za boliti. Na usiulazimishe mpira kunyoosha mabomba yasiyotazamana. Injini inatikisika, ukiukaza umepinda utachomoka tu.

Kuhusu kupima: usipake povu la sabuni injini ikiwa inawaka ukasubiri mapovu. Upande huu wa tabo hewa inavutwa ndani, mapovu hayatoki. Tulizima injini, tukaziba upande wa filta, tukapuliza hewa ya kompresa kwa shinikizo dogo, ndipo tukapaka povu. Kimya.

Mluzi uliisha, sailensa ikatulia. Lakini gari bado lilikuwa zito ukilikanyaga, na hapo nilikaa na karatasi. Nyumba ya sensa ya zamani ilikuwa na upana wa ndani wa milimita 66; bomba jipya ambamo sensa ilichomekwa ni 72. Eneo linafuata mraba wa kipenyo: 72 mara 72 gawa kwa 66 mara 66 ni 1.19. Njia imepanuka asilimia 19, hivyo hewa ileile inapita taratibu, na sensa inayohisi mkondo mahali ilipo inaripoti kama asilimia 84 tu ya hewa yote. Kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni kwenye ekzosi husahihisha kiasi fulani. Ukikanyaga mpaka chini, kompyuta inafuata jedwali lake, na jedwali limedanganywa.

Njia zilikuwa mbili: kumlipa mtu arekebishe hesabu za kompyuta, au kurudisha boksi la zamani. Boksi lilikuwa stoo kwenye gunia, pamoja na mpira wake wa 70 kwa 70. Uliingia pande zote mbili kwa mkono.

Kaka alizunguka nalo mtaani, akarudi, akazima. "Linatembea," alisema. "Ila sasa linalia kama gari la mwalimu." Mipira miwili ya kupunguza ninayo hapa hosteli, na ile elfu arobaini na tano bado ananidai.