Basi la Kisumu Barabarani Java

Swali: Mdogo wangu hapa Manyatta hukesha akiendesha basi kwenye simu. Anapata nini humo?

Jibu: Huenda ni Bus Simulator Indonesia, gemu ya kampuni ya Maleo iliyotoka 2017. Barabara zake ni za Indonesia, zikiwemo za kisiwa cha Java, ila magari hupita kushoto kama kwetu, na mchezaji huruhusiwa kulipamba basi apendavyo. Ndiyo maana vijana wa Kenya wamelivisha rangi za mabasi na matatu wanayoyajua stendi. Naamini uraibu mtamu uko hapo: dunia ya gemu humnasa mtu inapompa nafasi ya kuingiza mambo ya kwao. Picha kali pekee hazitoshi. Tena gemu hii huchezwa hata bila bando. Muulize kama rangi kazichora mwenyewe. Kama ndiyo, huo ni usanifu, mtafutie kompyuta aendelee.