Dondoo muhimu: Nyumba salama kwa mzee mwenye demensia

Nyumba nyingi za Kiwalani, Dar es Salaam, zina korido ndefu, choo cha uani na geti linalofungukia barabarani. Mzee anayepoteza kumbukumbu anaweza kupotea humo humo. Anzeni hivi:

• Mpeni chumba cha karibu na choo. Taa ya njiani iwake usiku kucha.
• Mlango wa choo upakwe rangi tofauti na kuta.
• Ondoeni ndoo, nyaya na mikeka inayoteleza njiani.
• Mafuta ya taa, viberiti na dawa vifungiwe kabatini.
• Msihamishe kitanda wala kiti alichokizoea.
• Wajulisheni mjumbe na majirani. Shoneni namba ya simu kwenye nguo zake.

Msimfungie ndani peke yake: moto ukitokea, hataweza kujiokoa.