Mboga kwa Mapafu Yanayovuta Moshi

Anayepika kwa kuni, anayeendesha bodaboda katikati ya malori, anayechomelea vyuma karakanani: hawa ndio wanaouziwa chupa za "kusafisha mapafu". Hakuna mmea unaosafisha mapafu. Kuna mimea, hata hivyo, inayousaidia mwili kutoa baadhi ya sumu za moshi, na kwa msaada huo huhitaji chupa ya mtu.

Ushahidi ninaouheshimu zaidi unatoka Qidong, mkoa wa Jiangsu nchini China, karibu na mto Yangtze unapoingia baharini. Kati ya mwaka 2011 na 2012 watafiti waliwapa watu 291 kinywaji kila siku kwa wiki 12. Kundi moja lilikunywa juisi ya nanasi na ndimu iliyotiwa unga wa machipukizi ya brokoli. Jingine lilipewa juisi isiyo na brokoli. Waliokunywa brokoli walitoa kwenye mkojo mabaki ya benzeni zaidi kwa asilimia 61, na ya akroleini kwa asilimia 23. Benzeni imo katika moshi wa magari na sigara. Akroleini ni mojawapo ya vitu vinavyokuwasha macho ukiinamia moto wa kuni.

Kinachofanya kazi ni sulforafani. Haimo kwenye mboga ikiwa nzima. Huzaliwa pale mboga inapokatwa au kutafunwa, kimeng'enya kiitwacho mirosinase kinapokutana na malighafi yake. Ikifika kwenye seli huiamsha protini ya Nrf2, nayo huiagiza seli itengeneze kinga zake, ikiwemo glutathioni inayoshikana na sumu ili itoke.

Mirosinase hufa kwa moto, na hapo ndipo jikoni tunapopoteza mengi. Osha mboga kwanza, ikate nyembamba, iache kwenye bakuli dakika 40, ndipo uibandike kwa muda mfupi. Usiichemshe ukamwaga maji, maana mengi ya unayoyatafuta yatakwenda nayo. Kama haraka imekushika, pika kama kawaida, na ukishaepua nyunyizia haradali iliyosagwa, nusu kijiko cha chai. Mbegu za haradali zina kimeng'enya hichohicho. Njia rahisi kuliko zote ni kula mbichi: kabichi kwenye kachumbari, au figili iliyokwaruzwa, zikiwa zimeoshwa vizuri kwa maji safi.

Kabichi na sukuma wiki hazifikii brokoli kwa sulforafani, wala sahani moja haifikii kile kinywaji cha Qidong. Lakini zina kemikali za ukoo huohuo, na watu wanazila kila siku bila kulazimishwa. Mimi ningeanzia hapo.

Machipukizi ya brokoli yana nguvu kuliko mboga iliyokomaa, na yanaoteshwa kwenye chupa ya kioo kwa siku 3 hadi 4, yakisuuzwa asubuhi na jioni. Tafuta mbegu za kuliwa. Mbegu za dukani zilizopakwa rangi nyekundu au ya waridi zimetiwa dawa ya kuua wadudu au kuvu. Hizo ni za kupanda tu, usizile kamwe. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mwenye kinga dhaifu wasile machipukizi mabichi, kwa sababu bakteria hupenda joto na unyevu uleule yanamootea.

Sasa mipaka yake. Qidong walipima mkojo. Hawakuonyesha kwamba mapafu yamepona. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani kwa wagonjwa 89 wenye mapafu yaliyokwisha kuziba kwa maradhi sugu: wiki 4 za sulforafani hazikuleta nafuu. Kwa hiyo dawa ya pumu ya kuvuta isiachwe hata siku moja kwa ajili ya mboga, unga wa mlonge au manjano.

Vidonge vinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Betakarotini, ile rangi ya karoti, ilijaribiwa Finland kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, na mwaka 1994 ikabainika kuwa waliomeza vidonge walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Jaribio jingine la vidonge hivyo, la Marekani, lilisitishwa Januari 1996 kwa hatari hiyohiyo. Karoti kula, kidonge chake, kama unavuta sigara, kiache. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, naye azungumze na daktari kabla ya kubadili ghafla kiasi cha mboga za majani au kuanza vidonge vya manjano au kitunguu saumu.

Hata ule vipi, moshi upunguze. Kausha kuni hadi zipasuke kwa sauti kavu, pika nje au penye upepo unaopita, na mtoto asibebwe mgongoni mbele ya moto. Jiko la mkaa liwashe nje, na hata likiacha kutoa moshi usilale nalo ndani: gesi yake ya kaboni monoksaidi haionekani, na inaua.

Kikohozi kikipita wiki 2, kohozi likiwa na damu, au pumzi ikikatika kwa kupanda ngazi chache, nenda kituo cha afya ukapimwe, pamoja na kifua kikuu.