Jina Lisilotajwa: Mchango wa Isimu Katika Utafiti wa Maisha ya Mababu, Wilaya za Mbulu na Hanang

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna mtafiti anavyoweza kufuatilia maisha ya babu na bibi ambao hakuwahi kuwaona, katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara. Hoja kuu ni kwamba ukimya unaomkabili mtafiti huyo mara nyingi hautokani na kusahau, bali ni zao la kanuni za lugha. Kwa kuwa kanuni huweza kuelezwa, ukimya nao huweza kusomwa. Mifano inatokana na Kiiraqw na Kidatooga, na mwisho wa makala unaonyesha kwa nini suala hili si la udadisi wa kifamilia peke yake.

1.0 Utangulizi

Ni maeneo machache barani Afrika ambako jamii za lugha zenye asili tofauti zinapakana kwa karibu kama ilivyo kuanzia nyanda za juu za Mbulu hadi miteremko ya Mlima Hanang. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi. Kidatooga, ambacho Wabarabaig huzungumza lahaja yake mojawapo, ni cha Kiniloti cha Kusini. Kihadza cha Bonde la Yaeda hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha yoyote nyingine. Kusini na magharibi wako wasemaji wa lugha za Kibantu, wakiwemo Wanyaturu na Waihanzu. Kwa muda mrefu jamii hizi zimeoana, na baadhi ya koo za Wairaqw husimulia kwamba waasisi wao walitoka katika jamii jirani.

Kutokana na hali hiyo, mjukuu anayezaliwa leo Haydom au Katesh anaweza kuwa na babu aliyesema Kiiraqw, bibi aliyesema Kidatooga, na wazazi wanaomsemesha Kiswahili. Maswali yake juu ya wazee hao huulizwa kwa Kiswahili, na majibu hupita katika lugha mbili au tatu kabla ya kumfikia. Katika kila kivuko kuna kitu kinachobadilika. Jukumu la mwanaisimu ni kueleza kimebadilika nini na kwa kanuni gani.

2.0 Jina katika maandishi

Hatua ya kwanza ya mtafiti wengi ni kulitafuta jina katika daftari, na hapo ndipo tatizo la kwanza hujitokeza. Kiiraqw kina konsonanti ambazo Kiswahili hakina, zikiwemo zile ambazo tahajia ya kawaida huziandika kwa sl, tl, hh na q (taz. Mous 1993). Karani aliyezoea Kiswahili, Kijerumani au Kiingereza hakuwa na herufi za sauti hizo. Jina Tluway, lenye maana ya mvua, linaweza kutarajiwa katika daftari likianza kwa t, k au l, kutegemea sikio la mwandishi. Vivyo hivyo, sauti ya hh huandikwa h au huachwa kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kufungua jalada lolote, mtafiti hana budi kuandaa orodha ya maumbo yote ambayo jina moja lingeweza kuchukua. Kuliona umbo moja tu na kuhitimisha kwamba babu hakuandikwa ni kosa la utaratibu.

Tatizo la pili ni la muundo wa jina. Kwa desturi, jina la mtu hufuatwa na la baba yake, na pengine la babu yake. Hapakuwa na jina la familia linalorithiwa bila kubadilika. Shule na ofisi ndizo zilizogandisha jina la babu au la baba wa babu na kuligeuza jina la ukoo wa kisasa. Watoto wa mzee mmoja walioandikishwa shule mbalimbali wanaweza kuwa na majina ya mwisho tofauti, na watu wasio na undugu wowote wanaweza kulingana. Jina la mwisho la mjukuu lisichukuliwe moja kwa moja kuwa la babu yake mzazi.

Aidha, daftari za ubatizo za misheni za Kikatoliki kwa kawaida ziliandikwa kwa Kilatini hadi miaka ya 1960, na ndani yake jina la ubatizo hutangulia lile la nyumbani. Anayemjua bibi yake kwa jina la nyumbani peke yake anaweza kumpita katika ukurasa bila kumtambua.

Majina ya jamii na ya maeneo nayo yamebadilika. Wairaqw wanapatikana katika maandishi ya zamani kama Wambulu au Iraku, Wagorowa kama Wafiome, na Wadatooga kama Tatoga au Mang'ati, jina walilopewa na Wamaasai. Wilaya ya Mbulu ya wakati wa Waingereza, iliyokuwa katika Jimbo la Kaskazini, ilijumuisha pia maeneo ambayo leo ni Hanang, Babati na Karatu. Babati ilitengwa na Hanang mwaka 1985, na Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Hivyo, katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, habari za mtu wa Basotu hutafutwa chini ya Mbulu.

3.0 Jina lisilotamkwa

Maandishi hayawataji wengi, hasa wanawake, na kwa hiyo mtafiti hurudi kwa wazee walio hai. Kwa Wadatooga, hapa anakutana na ukimya wa aina nyingine. Utafiti wa Alice Mitchell (2015) umeeleza kwa kina desturi inayomtaka mwanamke aliyeolewa aepuke kutamka majina ya baba mkwe na ya wakubwa wengine katika ukoo wa mumewe, wakiwemo waliokwisha kufariki. Mwiko hauishii kwenye jina. Maneno ya kawaida yanayofanana kwa sauti na jina hilo nayo huepukwa, na mahali pake huwekwa mengine, ambayo baadhi yake yamekuwa msamiati unaojulikana na wanawake wote.

Desturi za namna hii zinajulikana pia kwingineko. Ukuhlonipha wa Waxhosa na Wazulu, pamoja na mwiko wa wanawake wa Kambaata nchini Ethiopia, ni mifano iliyokwisha kuchunguzwa. Lakini katika utafiti wa mababu matokeo yake ni ya pekee. Mtu aliyeishi karibu zaidi na babu katika uzee wake, aliyempikia na kumwuguza, mara nyingi ni mke wa mwanawe. Huyo ndiye ajuaye mengi, na huyo ndiye asiyeruhusiwa kumtaja. Mjukuu anapomwuliza, "Babu aliitwa nani?" naye akanyamaza, ni rahisi kudhani kwamba amesahau. Hakusahau. Kunyamaza kwake ni heshima, na heshima hiyo yenyewe ni ushahidi kwamba jina analijua.

Ukimya huu unaweza kusomwa kwa njia ya ulinganishi. Mfano wa kubuni unatosha. Katika boma moja, wake wa ndugu watatu na dada wawili wa ndugu hao wanaombwa, kila mmoja kwa wakati wake, waeleze mambo yale yale: mifugo, hali ya hewa, shughuli za siku. Neno ambalo mabinti wa boma hulitumia bila kusita, ilhali wake wote watatu huliepuka, linaelekeza kwenye sauti zilizomo katika jina la mkwe wao wa pamoja. Neno linaloepukwa na mke mmoja tu lina chanzo kingine. Kidokezo hicho si uthibitisho, kwa kuwa wakubwa wanaoepukwa ni wengi na vibadala vingine vimeenea katika jamii nzima. Uthibitisho hutafutwa kwa shangazi, yaani binti wa babu, ambaye mwiko wa wakwe unamfunga kwa ukoo wa mumewe, si kwa baba yake mzazi.

Ni muhimu kusisitiza kwamba mama huyo hapaswi kushurutishwa. Mtafiti anayemlazimisha atamke jina anavunja kanuni ile ile anayoichunguza, na pengine anajifungia mlango wa masimulizi mengine yote. Swali linalofaa ni lile lisilodai jina: alihamia hapa kutoka wapi, ng'ombe wake walinywa maji wapi, alizikwa wapi.

4.0 Istilahi za ujamaa

Katika Kiiraqw, aako ni babu na aama ni bibi, lakini maneno hayo hutumika pia kumwita kwa heshima mzee yeyote wa rika hilo. Kiswahili nacho hutumia babu kwa ndugu za babu na kwa wazee wasio na undugu. Kwa hiyo sentensi "babu alipigana vita" inaweza kumhusu mtu mwingine kabisa. Dawa yake ni kuuliza kwa hatua, kila kizazi peke yake: nani alimzaa baba, na mama wa huyo alitoka ukoo gani. Swali la ukoo hujibiwa kwa uhakika zaidi, kwa sababu mwiko wa kuoana ndani ya ukoo umewalazimu wazee kuhifadhi habari hizo. Kabla ya posa, koo za pande zote mbili huchunguzwa, na mzee aliyesahau mwaka wa kuzaliwa kwa bibi mara nyingi anaukumbuka ukoo wake.

5.0 Miaka bila kalenda

Tarehe nazo hupatikana kwa kulinganisha. Sotoka iliangamiza mifugo ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1892 Oscar Baumann alipita katika nchi hizi. Majeshi ya Uingereza yaliingia Kondoa mwaka 1916. Homa kuu ilienea mwaka 1918 na 1919. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na uhamishaji wa watu vijijini ulifanyika katikati ya miaka ya 1970. Tukio analolitaja msimulizi huwekwa kati ya alama hizo. Kwa Wadatooga, rika la mtu husaidia pia kumpanga mbele au nyuma ya wenzake. Atakaye kujua jinsi kizazi hicho kilivyosimulia mambo anaweza kusoma matini za Kiiraqw alizokusanya Paul Berger katika miaka ya 1930, zilizochapishwa kwa uhariri wa Roland Kießling mwaka 1998.

6.0 Kaburi kama hati

Kwa Wadatooga, mzee mwenye heshima hujengewa bung'ed, kilima cha mazishi ambacho ibada zake huchukua miezi kadhaa. Kilima hicho huonyesha mahali ambapo ukoo uliishi, na watoto na wajukuu hukikumbuka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), baadaye kwa msaada wa Kanada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano huko Hanang, yaliyofikia takriban ekari 100,000. Charles Lane (1996) ameeleza jinsi Wabarabaig walivyopoteza malisho yao na jinsi makaburi yao yalivyolimwa kwa matrekta.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 1984, lakini Mahakama ya Rufani ikautengua mwaka 1985. Kwa mujibu wa hukumu hiyo, halmashauri ya kijiji haikuonyesha kwamba iligawiwa ardhi, na wanakijiji wangeweza kudai haki ya kimila iwapo tu ingethibitishwa kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Jambo hilo halikuthibitishwa. Hapa ndipo uzito wa mada hii unapoonekana. Lililokuwa wazi kwa kila mtu katika boma halikuwa wazi mahakamani, kwa kuwa halikuletwa kama ushahidi. Ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatambua haki miliki ya kimila, anayedai haki hiyo bado huulizwa yeye ni nani na wazee wake walikaa wapi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba habari za mababu wa Mbulu na Hanang zimefichwa na tahajia, na muundo wa majina, na upana wa istilahi za ujamaa, na heshima ya wakwe. Na kwamba kila kimoja kati ya hivyo kina kanuni yake. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa uzamili wanaotoka katika wilaya hizi waanze kazi ya uwandani katika maboma yao wenyewe, kwa kuandika koo, mahali pa makaburi na maneno yanayoepukwa, kila kimoja pamoja na jina la aliyekisema na uhusiano wake na marehemu. Wake wa wana waliowauguza wazee hao sasa ni vikongwe. Wao wakiondoka, patabaki ukimya usio na kanuni ya kuusoma.