Gereji kuwa duka? Pata ruhusa kabla ya kuita fundi

Mzigo umejaa sebuleni, na sasa unaiangalia gereji ya nyumbani. Wazo zuri, lakini kama uko Kenya, soma hii kwanza.

✅ Jua unachobadilisha. Kuweka maboksi machache kando ya gari si sawa na kufungua duka. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inagusa kazi ya ujenzi na pia badiliko kubwa la matumizi ya jengo, hata kama nyumba ni yako.

✅ Omba ruhusa ya kaunti. Ukianza bila ruhusa, korti inaweza kukutoza faini ya hadi KSh 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Hiyo ni faida ya mauzo mangapi?

✅ Ongea na majirani. Ombi lako hutangazwa, na wao wana haki ya kupinga. Waeleze mapema wateja watapaki wapi.

✅ Tunza ushahidi wa tarehe uliyowasilisha ombi. Usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, sheria inahesabu ruhusa imetolewa.

✅ Umepanga? Pata kwanza idhini ya mwenye nyumba, kwa maandishi.

Weka gharama za michoro na ada za kaunti kwenye bajeti kabla ya rangi na rafu. Rafu unaweza kuhamisha. Ukuta ukiambiwa ubomoe, hela imeenda.

Wewe mzigo wako unakaa wapi? Tuambie 👇