Mafuta ya Maziwa: Ni ya Nani?

Mwaka huu nimeona nisiandike juu ya methali wala ngeli, maana hizo wenzangu chamani wamezishughulikia vya kutosha. Nataka tuzungumze juu ya kitu kilichomo katika nyumba nyingi hapa Bungoma, nasi hatukijali: mafuta ya maziwa.

Kwanza tuelewane kwa maneno, kwani hili ni jarida la Kiswahili. Maziwa yakilala usiku kucha, juu yake hupanda tabaka zito lenye umanjano kidogo. Hiyo ndiyo malai. Hupanda kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji. Ukiyasukasuka maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu, chembe za mafuta hugongana na kushikana, zikawa siagi. Yale yanayobaki kibuyuni ndiyo mtindi. Siagi nayo ukiichemsha mpaka maji yaishe, kisha ukaichuja, unapata samli. Katika gramu 100 za siagi, mafuta ni gramu 80 hivi, lakini samli ni mafuta karibu matupu, ndiyo sababu haiozi upesi. Na ile ya mkebe tunayopaka kwenye mkate tukiiita siagi, mara nyingi ni majarini iliyotokana na mimea. Haijawahi kumwona ng'ombe!

Sasa niwaambie kilichonifanya nishike kalamu. Nyumbani tuna ng'ombe wawili. Maziwa ya asubuhi huuzwa. Ya jioni kukhu, yaani nyanya yangu, huyatia kibuyuni, na siku ya soko hupeleka samli Chwele. Samli kidogo ilikuwa ikibaki kwa mboga ya babu, kwani yeye ndiye mwenye boma. Mtindi walikuwa wakinywa watoto, hasa kitindamimba wetu, mwenye mwaka 1 na miezi 4 wakati huo.

Likizo ya Aprili tulimpeleka kliniki na mama. Nesi alifungua kile kitabu cha mtoto akaona mstari wa uzani umelala tu miezi mitatu, haupandi. Akauliza, "Mama, huyu anakunywa maziwa?" Mama akajibu kwa fahari kwamba kila siku anakunywa vikombe viwili. "Yametolewa mafuta ama hayajatolewa?" Mama akanyamaza. Mimi nikaangalia chini.

Hebu tupige hesabu. Kikombe cha mililita 250 cha maziwa ambayo hayajaguswa kina gramu 8 au 9 za mafuta na kalori kama 150. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, ilhali gramu ya wanga au ya protini hutoa 4 tu. Basi karibu nusu ya nguvu yote ya kikombe imo ndani ya mafuta. Yakitolewa yote, zinabaki kalori 90 au chini ya hapo. Sisemi mtindi ni maji ya bure, la. Protini imo, kalisiamu ya mifupa imo. Lakini tumbo la mtoto ni dogo, huwezi kulijaza vikombe vinne ili apate nguvu ya viwili. Hata maziwa ya mama mzazi, karibu nusu ya nguvu yake hutoka kwa mafuta. Tena nesi alituonya kwamba mtindi wetu ulikuwa wa maziwa mabichi, ambayo huweza kuleta ugonjwa wa bruselosi. Maziwa ya mtoto yachemshwe.

Isitoshe, vitamini A, D, E na K huyeyuka katika mafuta. D katika maziwa ni kidogo, jua ndilo hutusaidia zaidi. Lakini vitamini A, inayotuwezesha kuona penye giza hafifu na kupigana na maradhi, huondoka pamoja na malai. Utaniambia, si saga na mnavu vinayo? Mboga zina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, lakini haifyonzwi vizuri bila mafuta. Kumbe wazee wetu waliotia malai kwenye saga hawakuwa wakipunguza uchungu peke yake! Karotini hiyo hiyo, ikitoka kwenye nyasi, ndiyo huipa siagi ya ng'ombe umanjano. Mbuzi huigeuza karibu yote kabla haijafika kwenye kiwele, ndipo mafuta yake yakawa meupe.

Ng'ombe nao hawalingani. Friesian hutoa maziwa mengi yenye mafuta asilimia 3.5 hivi, Jersey hufika 5, na wale wetu wa kienyeji hutoa kidogo lakini mazito. Halafu, ewe unayekamua kwa haraka ili uwahi shule (najisema mwenyewe), yale ya mwisho kiweleni ndiyo yenye mafuta mengi zaidi.

Na babu je? Babu ana presha. Karibu theluthi mbili za mafuta ya maziwa ni ya aina inayoganda, ambayo ikizidi huongeza kolesteroli mbaya katika damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 22 hivi. Kijiko kimoja kikubwa cha samli kina karibu 9, na babu alikuwa akitiliwa viwili kwa mlo mmoja! Yaani nyumba nzima tulikuwa tumegeuza mambo: mafuta kwa mzee, mtindi kwa mtoto.

Tulipomweleza kukhu alikasirika sana. "Nimelea watoto saba na kibuyu hiki!" Nami nakiri alikuwa na haki. Zamani hizo samli haikuuzwa, ilikuwa ikirudi kwenye sahani za watoto wale wale. Siku hizi inaenda sokoni, na pesa zake hulipa chakula changu cha mchana hapa shuleni. Hilo ndilo lililoniuma. Mafuta ya mdogo wangu mimi ndiye niliyekuwa nikiyala.

Siku hizi vikombe viwili vya mtoto hutolewa na kuchemshwa kabla kibuyu hakijaguswa, na babu anakunywa mtindi uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, huku akinung'unika. Mstari kitabuni umeanza kupanda. Samli ya Chwele imepungua, kwa hivyo ukiniona Ijumaa chini ya mti na viazi vitamu ndani ya karatasi, karibu tule.