Sumu ya Wadudu na Mishipa ya Fahamu

Wakulima wa Mwiki wanaopigia dawa kahawa au sukuma wiki wanajua kwamba sumu ikimwingia mtu huleta jasho na kutapika siku ile ile. Lakini baadhi ya sumu za jamii ya fosfeti zina madhara mengine, yajayo baada ya wiki mbili au tatu, mgonjwa akidhani amekwisha kupona. Vidole vya miguu hufa ganzi, kisha miguu hulegea. Kuku nao hupatwa vivyo hivyo, ndiyo maana hutumiwa katika kuzipima dawa hizi.

Kwa nini miguu kwanza? Uzi wa fahamu utokao mgongoni hadi unyayoni hufika karibu mita 1, na mahitaji yake mengi hutengenezwa katika chembe iliyo huko juu. Hupelekwa ndani ya uzi kama mizigo ya gari la moshi liendalo Thika; iliyo ya haraka huenda milimita 400 hivi kwa siku. Hesabu mwenyewe: siku mbili na nusu! Sumu ikikwamisha uchukuzi huo, ncha ya mbali ndiyo ifayo njaa kwanza.

Mwaka 1959 huko Meknes, Moroko, mafuta ya kupikia yalichanganywa na mafuta ya injini za ndege yenye sumu ya jamii hiyo. Watu wapatao 10,000 walipooza.

Basi debe la dawa lisitiwe mafuta wala maji ya kunywa, hata likioshwa mara kumi. Litobolewe. Aliyelowa dawa avue nguo, aoge kwa sabuni, apelekwe hospitali pamoja na karatasi ya chupa. Na akiona ganzi baadaye, arudi kwa daktari upesi.